Maji Niliyoyarudisha Mtungini

Nilipokuwa msichana mdogo, sijavunja ungo bado, mama yangu alinichukua kwenda naye Masasi kumwona kaka yake aliyekuwa akifua nguo misheni. Tulitembea siku mbili. Huyo mjomba hatukumkuta, alikuwa ameshahama, hakuna aliyejua kaelekea wapi, na mama alikasirika akawa hasemi na mtu. Lakini tulipita duka la Mhindi kununua chumvi, na juu ya meza ya duka palikuwa na chupa kubwa ya kioo imejaa peremende za rangi ya chungwa. Sikuwa nimewahi kuona rangi ile kwenye kitu ambacho si ua wala si ndege. Yule Mhindi akaona macho yangu, akanipa moja bure. Akasema, "Usitafune, mumunya."

Nikaimumunya mpaka nje ya mji. Halafu nikaitoa, nikaifunga kwenye jani, nikaificha kwenye pindo la kaniki yangu. Kila tulipopumzika njiani niliilamba mara moja tu, nikaifunga tena. Nilitaka dada yangu naye aionje. Tulipofika nyumbani nikafungua jani, nikakuta sisimizi wameshakula wamemaliza, limebaki jani linanata. Dada yangu akalia, akasema nimemdanganya, hakukuwa na peremende yoyote. Alinuna siku nyingi.

Hayo hayana uhusiano na ugonjwa wangu, najua. Nimeyakumbuka kwa sababu ya ladha. Miaka mingi baadaye, nimeshazaa watoto saba na nimeshazika watatu, nilitia mdomoni kidonge cha rangi ileile, chachu na tamu kwa pamoja, nikasema, ah, hii si peremende ya yule Mhindi? Ilikuwa vitamini. Na habari ninayotaka kuwaambia wenzangu ni ya vile vidonge, na ya maji.

Ila nikianza na vidonge nitakuwa nimeruka.

Nilikuwa na kizazi kilichoshuka. Naandika wazi kwa sababu nimeshazeeka na wanaume wakisoma ni shauri yao. Sisi wanawake wa huku juu Newala tunazaliwa, tunabebeshwa maji. Maji yako chini kabisa, bondeni, na sisi tuko juu. Kushuka unashuka na ndoo tupu, unaimba. Kupanda unapanda na ndoo kichwani, unamtaja Mungu. Ukizaa, siku arobaini zikiisha unarudi kwenye mteremko. Baada ya mtoto wa sita nilihisi kitu kama yai kinataka kutoka. Baada ya wa saba kikawa kama ngumi. Nikawa najifunga vitambaa, natembea kama bata. Watu wakadhani ni maringo ya utu uzima. Nilikaa nacho miaka minane bila kumwambia mtu, hata mume wangu, ingawa mume utamficha vipi kitu kama hicho? Nilimficha kwa kuwa mkali. Kila akinikaribia namtafutia kosa.

Wako wengi wenye hali hiyo. Tungefungua kanga zetu zote siku ya gulio, tungeshangaana.

Mume wangu tulimwita Baba Zuhura, kwa jina la binti yetu wa kwanza. Alikuwa mtu wa Chiungutwa, upande wa Masasi, akaja kuoa kwetu. Wakati ule kwetu mwanamume ndiye aliyemfuata mke. Anajenga kwa wakwe, analima kwa wakwe, na siku akichoka anachukua jembe lake na kofia yake anarudi kwa mama yake, na hakuna wa kumwuliza. Dada yangu, yule wa peremende, tunamwita Mama Fadhili, aliachwa hivyo mara mbili. Mara ya pili alikuwa anasonga ugali, akageuka kumwita mtu aje ale, hakuna mtu. Kwa hiyo mimi tangu siku niliyoolewa nilikuwa na hofu moja tu duniani. Sikuogopa njaa wala wachawi. Niliogopa Baba Zuhura asije akachoka.

Siku niliyoanguka njiani na ndoo, ndiyo siku aliyojua. Walinibeba wanawake wenzangu mpaka nyumbani, na wao wakamwambia. Akaja akakaa pembeni ya kitanda.

"Miaka minane," akasema. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekaa?"

"Kwani nimekwenda wapi?"

Akanipeleka hospitali, kule chini.

Mikorosho ilikuwa inachanua. Hospitali tulikaa kwenye benchi refu la mbao lililokuwa na mwanya katikati, ukikaa vibaya kanga yako inabanwa, ukiitwa jina unainuka na benchi zima linapiga kelele. Tulisubiri siku tatu. Jirani yangu kwenye benchi alikuwa Mama Stefano, mke wa mwalimu, Mkristo wa ukoo wa misheni, amevaa gauni la mitumba lenye vifungo kama sahani. Siku hizo za ruksa, biashara ya nje imefunguliwa, mitumba ndiyo ilikuwa imeanza kujaa, kila mtu amekuwa Mzungu kuanzia shingoni kushuka. Akaniuliza ninaumwa nini. Nikamwambia tumbo. Akacheka.

"Hata mimi tumbo. Limetoka nje, si ndiyo?"

Nikajifanya naichomoa kanga yangu kwenye mwanya wa benchi.

"Usione haya, mama. Wote tuliokaa benchi hili ni hilo hilo. Tumefika hapa kwa sababu waume zetu wanapenda chai."

Nilicheka mpaka nikajikojolea kidogo, na hilo nalo lilikuwa ni ugonjwa.

Wakanipasua, wakakitoa kizazi, wakakaza palipolegea. Nilipoamka nilikuwa na mpira umeingizwa kwenye njia ya mkojo, na mfuko pembeni. Siku saba nilikwenda na mfuko ule, unanifuata kama mbuzi wa kamba. Mama Stefano naye alikuwa na wake. Tukikutana uani tunaulizana, "Mbuzi wako hajambo?" "Hajambo, kashiba." Vitu vidogo kama hivyo ndivyo vilivyonishika. Na kulikuwa na nesi mmoja, mama mtu mzima, ambaye akikugusa mikono yake ilikuwa ya moto. Sijui alikuwa anaipasha wapi.

Siku ya kutoka, nesi huyo akatuita mimi na Baba Zuhura pamoja.

"Nisikilizeni. Mambo ni mawili. La kwanza, mama huyu habebi tena. Ndoo, kuni, gunia, mtoto, habebi. Akibeba, kazi yetu yote imefumuka. La pili ni maji. Anywe maji mpaka mkojo wake uwe mweupe kama maji yenyewe. Njia ile imefanyiwa kazi, inashika ugonjwa haraka."

Baba Zuhura akauliza, "Maji kiasi gani, sista?"

Akamwonyesha jagi la plastiki. "Mawili ya hili, kila siku."

Njiani kurudi Baba Zuhura akanunua jagi kama lile, jekundu. Alilishika mapajani kwenye gari safari nzima.

Sasa fikiria. Kiangazi. Bomba tulikuwa nalo lakini lilikuwa kavu, tulilitazama tu kama kaburi la mtu usiyemjua. Mabinti zangu wameolewa mbali, mmoja Lindi, mmoja Tunduru. Wanangu wa kiume wako Dar es Salaam. Mama Fadhili alinichotea mwezi wa kwanza, halafu goti lake likavimba, akaniambia, "Ndugu yangu, nikiendelea tutapasuliwa wote." Akabaki Baba Zuhura.

Akachonga mzegazega, ule mti wa begani wa kuning'iniza dumu huku na dumu kule. Alfajiri anashuka bondeni, jua likichomoza anapanda. Alasiri tena. Wanaume wa kwetu waliochota maji walichota ya kuuza, na baiskeli, mtu anapata jina. Mwanamume kuchota maji ya mke wake anywe, hilo halikuwepo. Wanawake njiani walimngoja. Nilikuwa nawasikia kutoka ndani, maana njia inapita nyuma ya nyumba.

"Shemeji! Leo umefunga kanga ya nani?"

"Ya dada yenu. Mwenyewe amelala ndani kama bibi wa Kizungu."

"Basi mwaka huu unyagoni tunakuingiza na wewe!"

"Niingizeni, ila kungwi awe mzuri wa sura."

"Mwacheni," mwingine anasema, "mwanamume wa Chiungutwa huyo, kwao wanachota maji mlangoni. Mwacheni ayajue maji."

Wote wanacheka, na yeye anacheka. Wanawake hawakunitisha. Walionitisha ni wanaume, kwa sababu wao hawakumtania. Akifika barazani wananyamaza. Baada ya muda akaacha kwenda barazani.

Na mimi nimefungiwa. Hakuna aliyenifungia kwa kufuli, lakini ni jela. Usiiname, usifagie, usitwange, usichuchumae sana. Chumba chetu kilikuwa na dirisha la kutosha mkono mmoja. Ninakaa kitandani nasikia kinu cha jirani, nasikia watu wanakwenda shambani, nasikia wanarudi. Harusini siendi, nanuka, au nadhani nanuka, ni mamoja. Mtu akija kunisalimu ninamwomba Mungu akae, na akikaa ninamwomba Mungu aondoke kabla sijabanwa. Kazi yangu duniani ikawa moja, kunywa. Na hiyo moja sikuiweza.

Nitawaeleza kwa nini. Jioni moja alivua shati nikaliona bega lake. Limevimba, limechubuka, pana rangi ya nyama mbichi. Akaona natazama, akavaa shati.

"Ni mti tu haujalainika," akasema. "Kunywa maji yako."

Unakunywaje maji ya bega kama lile? Sisi tumelelewa hivyo: mwanamke anakunywa wa mwisho, na akisuuza kikombe yale ya kusuuzia ananawia uso. Msichana akipenda maji nyanya yake anamwambia, "Wewe utaolewa na kisima." Nimekuwa na miaka arobaini na mitano ya kunywa kwa kipimo, leo uniambie nimeze majagi mawili halafu niende nikayamwage chooni? Nikawa nakunywa kikombe kimoja, nalainisha midomo, basi.

Mkojo ukaanza kuchoma. Aliyewahi kuugua anajua, hauchomi kama moto, unachoma kama pilipili iliyosagwa na mtu mwenye chuki. Zahanati wakanipa dawa, nikameza, nikapona. Baba Zuhura alinipakia kwenye baiskeli polepole, anaisukuma huku anatembea, tukapita Newala mjini kwenye duka la dawa. Maduka ya dawa ya watu binafsi yalikuwa mageni wakati ule, yamepakwa rangi, tunaingia kwa heshima kama msikitini. Mwenye duka tulimwita Baba Somoe, mtu mpole, alikuwa amefanya kazi ya utabibu zamani. Baba Zuhura alibaki nje na baiskeli.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mkojo ulikuwa unanisumbua, nilipasuliwa. Naogopa usirudi."

Akanipa kopo la vidonge vya rangi ya chungwa.

"Hii ni vitamini. Wanaosumbuliwa na mkojo wanaitumia, ugonjwa usirudi rudi. Wengine inawasaidia. Unamumunya kimoja asubuhi na kimoja jioni, na maji unakunywa kama walivyokwambia hospitali."

Hilo neno la mwisho nililisikia vizuri. Sitasema sikulisikia. Nililisikia, nikaliacha palepale juu ya meza yake.

Kwa sababu nilipomumunya kile kidonge nje ya duka, na ladha ile ikaja, mate yakanijaa kinywani. Mate, mwenzangu, bila tone la maji! Nikasema, hii ndiyo dawa yetu sisi watu wa juu. Mzungu aliyeitengeneza alimfikiria mwanamke wa Newala. Kidonge kimoja jagi moja, vidonge viwili majagi mawili, na Baba Zuhura atapumzika. Na wiki ile nilikuwa nimepona kwa dawa ya zahanati, lakini sifa nikaipa vitamini. Hivyo ndivyo mtu anavyojidanganya.

Nilitaka kumwambia apunguze safari. Nikamwambia nusu nusu: "Siku hizi nina vidonge, Baba Zuhura, si lazima maji mengi hivyo." Akaniangalia.

"Sista alisema majagi mawili."

"Sista yuko kwenye bomba."

"Mimi nitachota, wewe utakunywa. Kila mtu na kazi yake."

Nikashindwa kubishana. Asubuhi anajaza jagi jekundu, analiweka kwenye kigoda karibu na kitanda. Mchana akirudi shamba anauliza, "Umekunywa?" Nasema, "Nimekunywa." Jagi tupu. Anafurahi, anajaza jingine. Na mimi, akishatoka, nainuka polepole nimeshika ukuta, nayarudisha mtungini. Siwezi kuyamwaga nje, mkono wangu ungekauka. Yanarudi mtungini, nafunika.

Ndipo likatokea jambo ambalo sikulitegemea. Mtungi ukawa hauishi. Baba Zuhura akawa anaufunua, anachungulia, anatikisa kichwa.

"Mama Zuhura, maji yetu yana baraka. Nachota yaleyale, yanatosha na kubaki."

"Alhamdulillahi," nikasema.

Akamsimulia mpaka shehe. Na kumbe kabla ya hapo alikuwa amejipunguzia yeye, alikuwa anatawadha kwa kikombe kimoja, siku nyingine anatayamamu kwa vumbi ili mimi nipate. Sasa akaona baraka, akaanza kutawadha vizuri, anaoga hadi anaimba. Na kila akiimba mimi ndani najifunika kanga masikio. Ule uongo ulikuwa mdogo nilipouanza. Sasa una baraka ndani yake, na shehe ndani yake. Nitautoa vipi?

Mama Fadhili ndiye aliyegundua. Alikuja kunisuka, akachota maji ya kunawa.

"Wewe, mbona mtungi wako haupungui?"

"Baraka."

"Baraka gani? Hapa hata msikitini maji yanaisha." Akalitazama jagi, akanitazama mimi, midomo imepasuka kama udongo. "Mungu wangu. Hunywi."

"Nakula vidonge."

"Mwambie mumeo."

"Akijua ataniacha."

"Akichoka ndiyo atakuacha."

"Ndiyo maana simchoshi."

Akanivuta nywele kwa nguvu. "Kichwa chako kigumu tangu ile peremende yako ya uongo," akasema. Mpaka leo hajanisadiki.

Korosho zikaanza kuanguka. Harufu ya mabibo iko kila mahali, na mimi niko ndani, sijaokota hata moja. Baba Zuhura anaokota, anahangaika na kazi zangu na zake, anashuka bondeni, anapanda. Ugonjwa wa mkojo ukarudi mara ya pili. Nikaongeza vidonge, nikawa nameza vitatu, vinne. Tumbo likaharisha, kinywa kikafanya vidonda. Ukapoa kidogo. Mara ya tatu sikumwambia mtu. Nikikojoa nauma pindo la kanga. Siku ya nne baridi ikanishika mchana wa jua kali, meno yanagongana, na mgongo upande mmoja kama mtu ameusimamia. Nikaanza kuongea na marehemu mama yangu. Baba Zuhura akakimbia barabarani, akasimamisha gari la wanunuzi wa korosho, nikalazwa juu ya magunia mpaka hospitali.

Yule nesi wa mikono ya moto alikuwepo. Akachukua mkojo wangu kwenye kichupa, akauinua kwenye mwanga. Ulikuwa kama chai iliyolala.

"Mama anakunywa maji?"

Baba Zuhura akajibu kabla yangu. Alikuwa amesimama wima, amevua kofia. "Anakunywa, sista. Majagi mawili kila siku, kama ulivyosema. Namimina mwenyewe kwa mkono wangu. Hajakosa hata siku moja."

Alisema kwa fahari. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka wamwone.

Nesi akautazama tena ule mkojo. Hakumbishia. Akaniinamia, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, figo zako zinaungua. Nikipotezwa na maneno nitakupa dawa isiyo yako. Unakunywa?"

Homa ilikuwa imenichukua nusu, nusu iliyobaki haikuwa na nguvu ya kudanganya. Nikasema, "Sinywi."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Nameza vitamini. Maji nayarudisha mtungini."

Nesi akajishughulisha na kichupa chake. Baba Zuhura akaivaa kofia, akaivua tena.

"Unayarudisha mtungini," akasema.

"Nilikuonea huruma. Bega lako."

"Kwa hiyo yale niliyokuwa naoga."

Nikalia.

"Niliyokuwa namsimulia shehe."

"Nilikuogopa, Baba Zuhura. Niliogopa utachoka."

Akakaa chini sakafuni, mgongo ukutani. "Sikuchoka," akasema. "Hata siku moja sikuchoka. Nilikuwa nikipanda ule mlima nasema, huyu anapona. Kila hatua nasema, anapona."



Nililazwa siku tisa, chupa ya maji inadondoka kwenye mshipa. Nilikuwa nikiitazama inavyodondoka, nasema, hata hawa wanakunywesha kwa kipimo. Baba Zuhura hakuondoka hospitali. Alininywesha kikombe baada ya kikombe, anashika kichwa changu kwa nyuma, anasubiri koo langu lipande na kushuka, ndipo anaondoa kikombe. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Siku ya saba nesi alinipima akasema mshono umeshika, haukufumuka, na mkojo umeanza kusafika. Akanikuta na lile kopo langu la vidonge chini ya mto.

"Hiki si sumu, mama. Lakini hiki unakikanyaga shambani kwako kila mwaka, kimo kwenye mabibo. Hakikuchotei maji."

Wewe unayesoma na umetoka kupasuliwa, sikiliza. Sivilaumu vidonge, wala Baba Somoe simlaumu. Waulize waliokupasua kabla hujameza kitu, na ukiambiwa maji, kunywa maji. Na kama unamwonea huruma anayekubebea, mwambie kwa mdomo, usimhurumie kwa siri.

Tukarudi, na mvua zikaja. Tuliweka mapipa chini ya bati la Mama Fadhili, yakajaa, hakukuwa tena na haja ya bondeni. Nikawa nakunywa kweli. Nilikunywa mbele yake, nikakunywa nyuma yake. Mkojo ukawa mweupe. Nikaanza kutoka nje, nikafika mpaka shambani, nikasimama chini ya mikorosho mikono mitupu, watu wakanipigia vigelegele. Baba Zuhura alipalilia, alipanda, alitengeneza paa. Ila alikuwa hachungulii tena mtungini. Na akila nilichompikia, anakula kwanza kidogo, anakaa, ndipo anaendelea, kama mtu aliye ugenini.

Asubuhi moja mvua ilikuwa imekatika. Mimi nilikuwa nimeamka mapema, nimeshakunywa vikombe viwili, cha tatu kipo mkononi. Akatoka chumbani, akasimama mlangoni.

"Umekunywa?" akauliza. Ilikuwa mara ya kwanza kuuliza tangu hospitali.

"Nimekunywa. Viwili."

Akakitazama kikombe. Akanitazama usoni, muda mrefu, anatafuta. Nikaona kwamba hajui kama nasema kweli. Alitaka kujua na hakuwa na njia ya kujua.

"Wallahi nimekunywa, Baba Zuhura."

"Sawa, Mama Zuhura."

Akavaa viatu vyake vya raba, akakunja suruali isishike tope. Hakuchukua jembe, wala kofia, ndiyo maana sikushtuka. Nilidhani anakwenda kuangalia mihogo. Akavuka uwanja, akazunguka dimbwi, akapita mikorosho ya dada yangu akamsalimia kwa sauti kama kawaida, na Mama Fadhili akamwitikia. Akashika barabara ya Masasi, anatembea mwendo wa kawaida tu, mwendo wa mtu asiye na mzigo. Sijamwona tena.